Darasa la Kengele: Maisha ya Mwalimu Apolinaria Masolwa Shigela (1967–2025)

Ndugu, majirani wa Lusu, na wageni mliotoka Tabora, Urambo na mbali zaidi, tunawaomba mkae. Wenye viti wawapishe wazee. Wasifu huu unasomwa kwa niaba ya familia na Jenifa Shigela, ambaye marehemu alikuwa mama yake mkubwa na ndiye aliyemlea. Meza mnayoiona kando ya jeneza, iliyofunikwa kaniki, tunaomba mtu asiiguse wala asiisogeze, na wazazi wawashike watoto. Sababu yake mtaisikia kabla hatujamaliza.

Marehemu Mwalimu Apolinaria alizaliwa Urambo, Jumapili tarehe 12 Februari 1967, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Adriano Masolwa, mkulima wa tumbaku, na Mama Flavia. Wazazi wote wawili wametangulia. Mzee Adriano alikuwa na bani moja la kukaushia tumbaku, na kazi ya kwanza aliyompa binti yake huyu, akiwa na miaka sita, ilikuwa kuhesabu fito za majani zinazoingia bani na zinazotoka. Siku moja hesabu ikapungua ufito mmoja. Mtoto akakataa kula. Walimkuta jioni amekaa mlangoni pa bani anahesabu upya, machozi yanamtoka, na kumbe ufito wenyewe mama yake alikuwa ameuchukua kufukuzia kuku. Kisa hiki kilisimuliwa nyumbani kila Krismasi na kila mwaka tulicheka, mpaka ulipofika mwaka tulioacha kucheka.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1975 hapo hapo Urambo, akamaliza la saba mwaka 1981. Alifaulu kwenda sekondari mjini Tabora, akasoma hapo 1982 hadi 1985, kisha akasomea ualimu mjini humo humo 1986 na 1987. Alikuwa akisema kwamba alisoma historia miaka kumi na mitatu bila kusikia jina hata moja la mtu ambaye angeweza kuwa babu yake. Kilichomgeuza ni matembezi ya Jumamosi moja akiwa chuoni. Mvua ilikuwa imenyesha, naye akafuata njia ya zamani ya misafara kuelekea Kwihara, akaona kitu kinang'aa kwenye tope. Ulikuwa ushanga mmoja wa buluu, wa kioo, wa aina waliyobeba wapagazi kutoka pwani. Aliushika njia nzima kana kwamba kuna mtu amemkabidhi autunze. Ushanga huo ameuvaa shingoni leo.

Aliajiriwa Januari 1988 katika shule ya msingi Urambo. Huko ndiko alikokutana na Ndugu Erasmus Shigela, fundi wa reli, mzaliwa wa hapa Lusu. Mwalimu alikuwa amewapeleka wanafunzi stesheni kupanda treni ya kwenda Tabora, na mmoja haonekani. Honi ikapigwa. Erasmus, akiwa na ovaroli yake na grisi mpaka kwenye masikio, akamwambia, "Mwalimu, treni haisubiri mtu."

"Basi na iende," akajibiwa. "Mimi siondoki na watu pungufu."

Treni ikaenda. Mtoto alipatikana chooni. Erasmus aliwaletea chai watoto wote siku ile, na mpaka leo anasema kwamba hakuwahi kuona mwanamke mkaidi kama yule na ndiyo maana alimwoa. Ndoa ilifungwa Jumamosi tarehe 6 Julai 1991. Mungu aliwajalia watoto wawili, Shukrani na Adriano. Mwaka 2003, baba yake Jenifa, mdogo wake Erasmus, alipofariki, walimpokea Jenifa akiwa na miaka sita. Nyumbani alimwita Mama mkubwa, darasani alimwita Mwalimu, na ole wake akichanganya.

Mwaka 1996 Mwalimu alihamishiwa Shule ya Msingi Kisimani, kata ya Ipuli, mjini Tabora, na hapo alifundisha historia mpaka alipostaafu kwa hiari mwaka 2023. Waliosoma kwake hawahitaji kuelezwa. Aliwatwika watoto mizigo midogo ya mchanga vichwani na kuwatembeza hadi Kwihara kwa mguu, kwa mstari mmoja, ili wajue shingo ya mpagazi ilivyokuwa inauma. Mwaka 2001 mkaguzi kutoka wilayani alifika bila taarifa, akakuta darasa tupu, na ubaoni pameandikwa kwa mwandiko mzuri: *Tumesafiri kwenda karne ya kumi na tisa. Tutarudi saa sita.* Mkaguzi alingoja. Walirudi saa sita kamili, wote, vumbi mpaka kwenye kope, na Mwalimu akampa mkaguzi mzigo mmoja aujaribu. Taarifa aliyoiandika iko kwenye kabati la familia, na haina neno baya hata moja.

Lakini somo lililompa jina ni lile tuliloliita somo la pazia. Kila muhula mwanafunzi alitakiwa kuleta kitu cha zamani kutoka kwao. Mwalimu alitundika kitenge kwenye kona ya darasa. Mwenye kitu aliingia nyuma ya kitenge pamoja na Mwalimu, akakieleza bila kukionyesha: uzito wake, harufu yake, nani alikishika mara ya mwisho. Wenzake walikisia. Kisha pazia likafunguliwa. Humaidi, ambaye familia yake ya biashara imekaa Tabora toka enzi za misafara, alileta kufuli la sanduku lililotoshana na kiganja cha mtu mzima, na nyanya yake, Bibi Shaima, akaja mwenyewe kuhakikisha linarudi. Mwalimu alikuwa na sharti moja: hakuna kitu cha mtu kulala shuleni. Kabla jua halijazama kila kitu kiwe kimerudi kilikotoka. Sharti hilo lilivunjika mara moja tu.

Septemba 2008 Jenifa, akiwa darasa la tano, alikuja hapa Lusu kwa likizo fupi na kumwomba bibi yake kitu cha kupeleka. Bibi Zabibu, mama mzazi wa Mzee Erasmus, alimwacha angoje siku mbili. Siku ya tatu akatoa kaniki iliyokunjwa, na ndani yake kengele ya chuma, kubwa kuliko ngumi, ulimi wake umefungwa kwa ukanda wa ngozi mkavu kama kuni. Akamweleza habari yake. Babu wa babu yake Erasmus alikuwa kirangozi, yule mtangulizi anayekwenda mbele ya wapagazi na kuwaongoza njia toka Unyanyembe hadi pwani. Asubuhi kirangozi alipiga kengele, watu wakajitwika. Jioni kambini aliwahesabu wote, kisha akafunga ulimi wa kengele, ndipo watu wakalala. Safari yake ya mwisho, katika Mgunda Mkali, ile nyika isiyo na maji kati ya huku na Ugogo, kiu ilimshinda akafunga kengele bila kuhesabu. Kulipokucha watu tisa hawakuwapo, na hawakuonekana tena. Aliporudi Lusu alikwenda nyumba tisa, moja baada ya nyingine, kupeleka habari. Kisha akaifunga kengele kwa ukanda mpya, na haikulia tena katika ukoo huu.

"Ikilia, watu wako njiani," Bibi Zabibu alimwambia mjukuu wake. "Na watu wakiwa njiani, lazima wahesabiwe wote mahali pamoja kabla haijafungwa. Wasipohesabiwa, njia inawachukua mmoja mmoja. Inaanza na aliye mbele, yule aliyeipiga. Umenielewa?"

"Nimeelewa, bibi."

"Mwambie mkwe wangu aionyeshe hivi hivi ilivyo. Ulimi usiguswe."

Ujumbe ulifika. Mwalimu aliupokea kwa heshima, maana hakuwa mtu wa kudharau neno la mama mkwe wake. Ijumaa tarehe 17 Oktoba 2008, kama saa tano na nusu, ilifika zamu ya Jenifa, baada ya Humaidi na kufuli lake. Waliingia wawili nyuma ya pazia. Darasani wamekaa wanafunzi arobaini, na Jenifa wa arobaini na moja. Hawajakisia hata mara moja, kengele ikalia.

Waliokuwapo wanajua mlio ule. Haukuwa mkubwa. Ulikuwa mkavu na ulikwenda mbali, na mbwa wa jirani na shule aliyekuwa anabweka akanyamaza. Sasa hebu fikirieni: mtoto wa shule ya msingi akisikia kengele Ijumaa karibu na saa sita, anafanya nini? Anakusanya madaftari anakimbia. Waislamu walidhani wameruhusiwa kwenda msikitini, na wengine wakadhani juma limekwisha. Mwalimu alipotoka nyuma ya pazia, kengele i mkononi mwake na ukanda umekatika, darasa lilikuwa tupu na vumbi bado linaelea mlangoni. Alikimbia mpaka barabarani akiwaita kwa majina. Aliwapata kumi na watatu.

Jumatatu wanafunzi waliitwa kwa rejesta. Walikuwapo arobaini. Asiyekuwapo ni Silasi Mathias. Baba yake alikuwa amepata shamba la tumbaku la kukodi huko Urambo, na Jumamosi ile ile alihamisha nyumba nzima, bila kuaga shule, bila barua ya uhamisho.

Bibi Zabibu alifika Ipuli siku ya nne. Nani alimpelekea habari hatukujua, kwa kuwa wakati huo hakuwa na simu. Mwalimu alipiga magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Aliifungua nani?"

"Mimi, mama."

Bibi Zabibu alimtazama sana. Kisha akamtazama Jenifa, aliyekuwa uani anaosha vyombo, kisha akarudisha macho kwa mkwe wake.

"Waliisikia wangapi?"

"Arobaini na mmoja."

"Uliwahesabu kabla hawajatawanyika?"

"Hapana, mama. Na mmoja ameshaondoka mjini."

"Basi msafara wako uko njiani, mwanangu. Mimi siwezi kuifunga hii. Ataifunga aliyeifungua, siku watu wote wako mbele yake. Na wewe ndiye umetangulia sasa, unajua?"

"Kwa hiyo nikianza mimi, watoto wanabaki nyuma yangu?"

"Ndivyo."

"Afadhali," akasema Mwalimu.

Watu wa nyumbani waliisikia ile afadhali na hawakuielewa. Bibi Zabibu aliondoka bila kunywa uji. Alifariki Juni 2011, na amelala hatua ishirini kutoka hapa tulipo. Kengele hakuipokea tena. Mwalimu aliijaza pamba ili ulimi usiguse chuma, akaiweka juu ya kabati chumbani kwake, na tangu siku hiyo mtu hakuruhusiwa kufunga mlango wa chumba kile kwa kishindo.

Tusimfanye marehemu kuwa mshirikina. Alikwenda kanisani, alisoma magazeti, aliwachanja watoto. Lakini alinakili majina arobaini na moja kwenye daftari gumu, na miaka kumi na saba hakulala vizuri mpaka amejua kila mmoja yuko wapi. Wengine walipokwenda sekondari aliwafuata kwa barua. Walipopata simu aliwapigia, kila Ijumaa, na swali lake lilikuwa moja: "Upo?" Jibu lake pia lilikuwa moja: "Nipo, Mwalimu." Wapo waliochoka wakazima simu. Akawatuma wazazi wao. Wapo wazazi waliokasirika. Mwaka 2010 walijaa ofisi ya mwalimu mkuu wakitaka aondolewe, na mama mmoja alimwambia usoni kwamba amewauza watoto wao kwa mizimu ya watu. Mwalimu hakujitetea. Alimwomba yule mama namba ya simu ya jirani yake, kama ya kwake haipatikani.

Aprili 2013 Fakhria, mmoja wa wale arobaini na mmoja, aligongwa na lori, akalala siku tisa bila kufumbua macho. Asubuhi ya siku aliyogongwa, Mwalimu alikuta pamba iko sakafuni chini ya kabati. Mwaka 2017 mwenzake Ammar alizama bwawani, akatolewa hana pumzi, akazinduka tayari wamemfunika shuka. Pamba ilikuwa sakafuni. Mzee Erasmus alisema ni panya. Aliweka mtego mwezi mzima na haukunasa kitu. Wote wawili walipona na wako hapa, Fakhria na mkongojo wake. Lakini kuanzia hapo mjini wakaanza kutuita darasa la kengele, na kuna mabinti wawili wa darasa lile waliokataliwa na wakwe kwa sababu hiyo tu.

Kilichobaki kilikuwa kuwakusanya wote arobaini na mmoja mahali pamoja, kuwahesabu, na kufunga. Alijaribu mara tatu. Mara ya kwanza, Desemba 2014, walifika thelathini na wanane. Mara ya mwisho, Julai 2022, walifika arobaini, Humaidi akitoka Muskati kwa gharama zake, na walikaa uwanjani Kisimani toka asubuhi mpaka jua linazama wakimngoja mtu mmoja. Silasi hakuja. Hakuwahi kuja. Familia yake ilihama kufuata mashamba, baba yake akafa, naye akaenda kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo, akatoka, akarudi kwenye tumbaku. Mwalimu alimfuata kote. Mwaka 2015 alifika kwenye kibanda chake nje ya Urambo akakuta majivu bado ya moto na uji umeachwa jikoni. Mwaka 2019 alimwona kwa mbali machimboni, akamwita, na yule kijana akaingia kwenye umati na kupotea. Ndipo alipotambua kwamba hatafuti mtu aliyepotea. Anatafuta mtu anayemkimbia.

Kuhusu ugonjwa. Mwaka 2016 aligundulika ana shinikizo la damu, akawa anameza dawa kwa saa kama mwalimu. Machi 2021 alipata kiharusi kidogo kilichomlegeza mkono wa kushoto. Daktari alimkataza safari za mbali. Akaitikia, akasafiri. Alistaafu miaka minne kabla ya wakati, na tulipomuuliza kwa nini hangoji, alijibu kwamba muda wa kungoja umekwisha. Mwaka huu alidhoofika waziwazi. Usiku alivaa viatu akilala. Shukrani alipomvua, alisema, "Viache, mwanangu. Nikiitwa nisianze kutafuta viatu."

Mwanzoni mwa Agosti mama mmoja wa Urambo alimpigia kumwambia kwamba kuna kuli kwenye kituo cha kununulia tumbaku, anaitwa Silasi, ana kovu juu ya jicho. Jumatano tarehe 6 Agosti 2025 Mwalimu alipanda basi peke yake. Yaliyotokea huko tunayajua kutoka kwa Silasi mwenyewe. Alimkuta amekaa juu ya mtumba wa tumbaku, anakula mhogo. Safari hii Silasi hakukimbia, kwa sababu aliona mkono wa Mwalimu unavyoning'inia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Silasi, umenichosha."

"Nisamehe, Mwalimu. Nilikuwa nakukimbia."

"Najua. Mgongo wako nimeshauona, hata sura nilikuwa nimeisahau."

"Watu walisema nikihesabiwa tu, msafara unaondoka. Nikaona nikikaa mbali wenzangu watapona."

Mwalimu alikaa chini kwenye vumbi, karibu na miguu yake. "Miaka yote hiyo ulikuwa unawaokoa wenzako?"

"Ndiyo."

"Hawakusikia vizuri waliokwambia. Msafara ukihesabiwa hauondoki. Watu wanalala."

Silasi alilia, yeye mtu mzima wa miaka ishirini na tisa, mbele ya makuli wenzake. Akakubali kwenda Tabora naye. Ijumaa asubuhi walikuwa stendi, tiketi mbili mkononi, Mwalimu alipoweka mkono kifuani na kuketi. Alifikishwa hospitalini akiwa bado anaongea. Alifariki Ijumaa tarehe 8 Agosti 2025, saa tano na nusu asubuhi, kwa kiharusi, katika mji aliozaliwa, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane. Hatubishani na daktari. Silasi ndiye aliyekaa nyuma ya gari lililoleta mwili, na hajalala tangu hapo.

Marehemu ameacha mume, Mzee Erasmus, watoto wawili, Shukrani na Adriano, mtoto wa kulea, Jenifa, wajukuu watatu, kaka wawili na dada mmoja, na wanafunzi arobaini na mmoja wa Darasa la Tano la mwaka 2008, Shule ya Msingi Kisimani.

Karatasi mlizoshika zimeishia hapo. Msigeuze upande wa pili, hakuna kitu. Haya yanayofuata yameandikwa kwa mkono jana, na Mzee Erasmus ameyasoma akasema yasomwe.

Kabla hajakata roho, Mwalimu alimwambia Silasi maneno saba: "Mwambie Jenifa kengele afunge yeye. Yeye anajua." Silasi aliyafikisha kama alivyopewa, ila alishangaa, na kila aliyeyasikia amemshangaa Mwalimu. Bibi Zabibu alisema atafunga aliyefungua. Na aliyefungua, mji mzima unajua, ni Mwalimu.

Sivyo. Nyuma ya pazia, siku ile, Mwalimu aliinama kuokota kufuli la Humaidi lililokuwa limeanguka. Alikuwa ameshasema, "Ukanda usiuguse, Jenifa, tumeombwa." Jenifa alikuwa na miaka kumi na moja. Wenzake walikuwa wamemcheka wiki nzima kwamba kwao hakuna kitu cha maana, yatima wa kukaa kwa watu. Alitaka wasikie. Aliushika ukanda kwa meno akauvuta, ukakatika kama uzi, akatikisa. Mwalimu alimnyang'anya kengele wakati darasa tayari linakimbia. Hakumpiga. Alimtazama, akampangusa vumbi la ngozi midomoni kwa kidole, akasema, "Hukuwahi kuishika. Umenisikia? Hukuishika." Kisha akatoka nje nayo mkononi, na hivyo ndivyo kila mtu alivyomwona.

Mama mkwe alipouliza, alijibu "Mimi." Wazazi walipomtukana, alinyamaza. Aliposema afadhali, alikuwa anamaanisha kwamba njia ikianza na aliye mbele, basi imkute yeye, isimkute mtoto aliyekuwa uani anaosha vyombo. Miaka kumi na saba alitangulia mbele ya msafara usio wake. Jenifa alijua na hakusema. Alimwona akivaa viatu akilala na hakusema. Alikuwa na Ijumaa nyingi mno za kusema, na kila Ijumaa simu ilipolia akaulizwa "Upo?", alijibu tu kama wenzake. Aliogopa zamani, akazoea kuogopa, na sasa aliyekuwa amesimama mbele yake hayupo. Mama mkubwa, hili halina msamaha mdogo. Unaombwa mkubwa.

Chini ya kaniki ile ndiyo kengele. Pamba imetolewa. Imewekwa hapo tangu alfajiri, na Jenifa peke yake ndiye aliyeisogelea. Ukanda mpya wa ngozi uko kando yake. Daftari la Mwalimu ni hili. Majina yatasomwa kwa mpangilio alioandika yeye, kabla udongo haujamwagwa, na kila atakayeitwa aitike mwenyewe kwa sauti ya kusikika. Asiitikiwe na mwenzake, asitikise kichwa. Fakhria ataitika akiwa amekaa. Humaidi amefika saa mbili asubuhi hii. Silasi Mathias ni wa arobaini, na amesimama nyuma ya Mzee Erasmus, msimwangalie sana. Wa arobaini na moja ndiye anayewasomea, na akishajiitikia ataufunga ulimi kwa mkono wake, mbele ya kaburi la bibi yake na mbele yenu nyote, naye ndiye atakayekuwa mbele kuanzia leo kama kuna njia iliyobaki. Tunaomba mtu asikohoe wala asiondoke mpaka fundo la mwisho.

Mwalimu Apolinaria, mzigo uliobeba haukuwa wako. Utue. Mwenyewe amekuja kuupokea. Lala kwa amani, viatu tumekuvua, watu wako wanahesabiwa.